Sauti ya Stendi na Mjaribu Miisho

Stendi kuu ya mabasi, saa za watu kutoka kazini, ni mahali ambapo mtu anaweza kupoteza begi, kiatu na hata mwenzi wake wa ndoa, asigundue mpaka afike nyumbani. Jioni hiyo umati ulibanana kiasi kwamba mtu akikohoa, wa tatu kutoka kwake ndiye anayesema samahani. Katikati ya rabsha hiyo alisimama mwanamume mmoja ambaye ujana wake ulikuwa umeanza kufunga mizigo. Shati lake la bluu lilikunjamana mgongoni kama limelaliwa na ng'ombe, macho yalikuwa mekundu, na vidole gumba vyote viwili vilikuwa na sugu. Sugu hizo hazikutokana na jembe wala nyundo. Zilitokana na kucheza.

Kazi yake ilikuwa kujaribu gemu za kompyuta kabla hazijaingia sokoni. Watu wakisikia hivyo walimwonea kijicho, wakamuuliza kama kuna nafasi kwa wapwa zao, naye alikuwa ameshaacha kuwaeleza. Mpe mtu keki ileile asubuhi, mchana na jioni, mwezi mzima, kisha muulize kama anataka kipande kingine.

Gemu iliyokuwa mezani kwake msimu huo ilikuwa ya hadithi. Haikuwa na bunduki wala mbio za magari. Msafiri anafika kwenye mji unaokaribia kufunikwa na maji, anakutana na mwanamke anayetunza ufunguo wa lango la bwawa, na kuanzia hapo kila anachomjibu kinageuza mambo. Ukimjibu kwa upole, pengine mnauokoa mji. Ukimletea jeuri, anautupa ufunguo majini na kwenda zake. Ukimdanganya, naye anakudanganya, tena kwa ustadi kukushinda. Miisho yake ilikuwa mingi kuliko vidole vya mikono. Mjaribu alitakiwa aifikie yote, na fundi akirekebisha kitu, hata kama ni rangi ya mlango tu, aifikie yote upya.

Alikuwa amependwa na mwanamke yule, akaachwa, akazama naye, akamzika, akazikwa yeye. Mara ya kwanza alitoa machozi na kusingizia vumbi. Sasa alikuwa hasikii kitu. Maneno aliyokwisha kuyasikia aliyaruka kwa kitufe, moja, mbili, twende, ili awahi basi.

Basi lenyewe ndilo alilokuwa akilisubiri pale stendi, vipaza sauti vilipokwaruza juu ya vichwa vya watu na mwanamke akasema, "Abiria wa basi la saa kumi na mbili, tunaomba radhi. Basi lenu limechelewa. Tafadhali kaeni, msichoke."

Mjaribu aligeuka kama aliyeitwa na marehemu. Sauti ile aliijua. Ilikuwa nzito kidogo chini, laini juu, na mwishoni ilishuka kama mtu anayekalia kiti baada ya kutembea sana. Ilikuwa sauti ya mtunza ufunguo. Mchana ule ule ilikuwa imemwacha, na baada ya chakula cha mchana ikamwacha tena.

Mtu mwenye akili zilizopumzika angetabasamu na kupanda basi lake. Huyu akili zake zilikuwa hoi. Akapasua umati mpaka kwenye kibanda cha kioo kilicho juu ya ngazi fupi, pembeni ya dirisha la tiketi, akasukuma mlango bila hata hodi.

Ndani alikuwa mwanamke wa makamo yake. Alivaa koti la kijani la sare lililofifia mabegani, na shingoni alijifunga skafu ya rangi ya chungwa, ya kulinda koo. Miguu ilikuwa peku, na viatu vyake vyeusi vya kisigino vililala ubavu chini ya kiti, utadhani ndivyo vilivyofanya kazi kutwa. Mkononi alikuwa na kikombe cha maji ya moto.

"Ni wewe," mjaribu akasema. "Wiki nzima unautupa ule ufunguo majini. Nimekubembeleza, nimekupigia magoti, nimekubali makosa ambayo hata sikuyafanya, na bado unaniacha. Nimekukosea nini?"

Mwanamke alikitazama kitaa chekundu juu ya mikrofoni, na kitaa kilikuwa kinawaka.

Waliokuwepo wanasimulia kwamba stendi nzima ilinyamaza. Kuna wanaoapa kwamba basi lililokwisha kuondoka lilirudi kinyumenyume ili abiria wasikie jibu, na kwamba mtoto mchanga aliyelia tangu asubuhi alikatisha kilio katikati. Hilo la mtoto huenda limetiwa chumvi. La basi ni kweli tupu. Kisha karani wa tiketi, dada mmoja ambaye mdomo wake haukuhitaji kipaza sauti, akapaza kutoka dirishani kwake, "Mrudie tu, shoga, kaka wa watu anateseka," na umati ukaangua kicheko kilichotikisa mabati.

Mwanamke akazima mikrofoni. Akahakikisha imezimika.

"Kaka, tunafahamiana?"

"Wewe hunifahamu. Mimi nakufahamu sana."

"Hayo ndiyo maneno watu wanayoyasema kabla ya kukamatwa."

Ikabidi ajieleze, naye alijieleza vibaya, akianzia kwenye bwawa badala ya kuanzia kwenye kazi. Alipoelewa, mwanamke alicheka mpaka koo likamgomea na maji ya moto yakamwagikia koti. Ni kweli, alisema, aliwahi kuitwa studio akasoma maneno kama hayo, ndani ya chumba kilichotundikwa magodoro ukutani, peke yake, akiuambia ukuta nakupenda na kuuambia nenda zako. Gemu yenyewe hakuwahi kuiona hata picha. "Nilikataa na kukubali kutwa nzima," alisema, "sijui hata nilikuwa namkataa nani."

"Mimi."

"Kumbe ni wewe. Pole."

Na ile pole, jinsi ilivyotoka, haikuwemo kwenye mwisho wowote aliokuwa ameufikia.

Kuanzia hapo stendi ikampa jina la Aliyeachwa. Yeye alimwita mwanamke Sauti. Sauti, aliposikia kazi yake ilivyo, alimbatiza Bwana Rudia, na jina likamkaa kama soksi. Walizoea kukutana kwenye mkahawa mdogo nyuma ya stendi, wenye meza za plastiki na feni iliyozunguka kwa kujisikia. Sauti alikuwa akifika huku anachechemea. Kampuni ilimpa viatu vya sare vinavyombana, akaomba vingine, akaambiwa asubiri. Siku ya kwanza kabisa kukaa pale aliinama, akavivua chini ya meza, akaanza kueleza kwamba akiwa navyo mguuni hujiona bado yuko kwenye mikrofoni, na kwamba neno lake mwenyewe, lisilo la kampuni, halisemi mpaka—

"Mpaka chai ifike," Bwana Rudia akamalizia, na akajiona mchekeshaji. Sauti akacheka kidogo, kwa adabu. Sentensi yake haikumalizika siku hiyo.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Hakuwa mtu mbaya. Alimbebea mkoba, alimletea tangawizi ya koo, na mvua ikinyesha alilowa yeye. Lakini mwezi mzima wa kuruka maneno ulikuwa umeingia mpaka kwenye masikio. Sauti akianza, yeye kichwani ameshafika mwisho, anamsubiri huko.

"Umefika nyumbani?" alimuuliza jioni moja kwenye simu.

"Nimefika, mpenzi. Viatu nimevitupa mlangoni. Hebu sikia, leo karani na yule dereva wa basi la njano—"

"Wamegombana."

"Umejuaje?"

"Kila Jumatatu wanagombana, Sauti. Mimi tayari ni mwenyeji hapo."

"Haya. Pumzika basi, Bwana Rudia."

Alikuja kusikia kwa mtu mwingine kwamba karani na dereva hawakugombana. Walikuwa wamechumbiana, tena dereva alipiga honi mpaka askari wa stendi akaja. Alipomuuliza Sauti mbona hakumwambia, Sauti alimtazama tu kama mtu anayetazama ratiba iliyobadilishwa.

Kazini, bosi wake, ambaye wote walimwita Mkubwa ingawa alikuwa mfupi kuliko wote, alimtaka aandike maoni. Kasoro za gemu zimeshatosha, alisema. Sasa anataka kujua jambo moja. Mtu akiimaliza hadithi hii mara moja, ana sababu gani ya kuianza upya? Bwana Rudia alifikiri muda wa kunywa nusu glasi ya maji, akaandika kwamba hakuna sababu. Mtu atarudia mara mbili tatu kuona miisho mingine, na akishaijua, basi. Mwanamke yule akishajulikana mwisho wake, hana cha kumwonyesha mtu.

Jioni alimsimulia Sauti hayo kama habari za kazini tu. Sauti alikoroga chai yake muda mrefu, na chai haikuwa na sukari.

"Kwa hiyo mtu ukishamjua, umemmaliza," alisema.

"Ni gemu, Sauti."

"Najua ni gemu. Aliyesema maneno yote hayo ni mimi."

Akataka kumjibu, akaona majibu manne yamejipanga kichwani kama kwenye skrini, akachagua la mzaha. Sauti hakucheka.

Mama yake Bwana Rudia alikuwa akimpigia kila mwisho wa wiki, na siku hizo salamu zilikuwa fupi. "Baba," alimwambia, maana alimwita hivyo tangu akiwa mchanga kwa kuwa alirithi jina la babu yake, "huyo mkwe wangu namwona lini? Au mnachezea simu tu? Magoti yangu haya hayatangojea harusi ya watu wavivu." Bwana Rudia alicheka, lakini maneno yalimwingia. Alikuwa amechoka kurudi kwenye chumba chenye kiti kimoja. Alikuwa amechoka kuambiwa nakupenda na skrini. Alimtaka Sauti, si kwa jioni za mkahawani tu, na hofu yake ilikuwa moja: kwamba naye, kama yule wa ufunguo, ana mwisho wa kuondoka uliojificha mahali, na yeye atajibu vibaya aufikie.

Kwa hiyo alijiandaa kama anavyojiandaa kazini. Akapanga namna ya kuanza, kisha namna ya pili kama ya kwanza itakwama, kisha ya tatu. Akapiga pasi shati jeupe mpaka likaweza kusimama lenyewe. Akatangulia mkahawani.

Hakujua siku ya Sauti ilivyokuwa. Mikrofoni ilikufa asubuhi, fundi akasema anakuja, na mpaka jioni alikuwa bado anasema anakuja. Sauti alizunguka stendi yote kwa miguu, na viatu vile, akitangaza mabasi kwa mdomo wake mwenyewe, akigombezwa na watu walioachwa na mabasi aliyokuwa amewatangazia. Alipoingia mkahawani skafu ilikuwa imelegea, koti limefunguka vifungo viwili, na uso umekuwa kama taa iliyopunguzwa. Akakaa kwa uzito. Mkoba akauweka chini ya meza.

Bwana Rudia aliona uchovu ule. Lakini alikuwa ameshajipanga, na shati lilikuwa limeshapigwa pasi.

"Sauti," akasema. Namna zote tatu zikamtoka kichwani. "Nataka tuoane."

Sauti alimtazama. Mabega yakashuka kwanza. Macho yakafumba. Pumzi ndefu ikatoka puani, na mwisho wake sauti, iliyokwaruzika lakini ile ile: "Nimechoka."

Kisha akainama chini ya meza.

Bwana Rudia alikijua kila kitu kinachofuata. Mabega, macho, pumzi, neno lile, kisha mtunza ufunguo anainama kuchukua mkoba wake, aondoke. Ukibaki ukabembeleza, anakuambia mambo yatakayokuuma mpaka usingizini. Alikuwa amebembeleza mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na kila mara aliambiwa. Kwa mtunza ufunguo alilipwa mshahara kuyasikia. Kwa Sauti hakuweza.

Akasimama. "Usijisumbue," akasema. "Najua inavyoishia."

Akatoka kwa hatua za mtu anayewahi basi, na hakugeuka.

Simu ilianza kuita kabla hajavuka barabara. Aliipokea mara moja tu, siku ya pili yake.

"Hebu nisikilize," Sauti alisema, "wewe mtu uliondoka—"

"Nimeelewa, Sauti. Huna haja ya kunieleza. Sina kinyongo."

"Umeelewa nini?"

"Nimeelewa tu."

Akakata. Baadaye ukaja ujumbe wa sauti, mrefu. Aliufungua akiwa amesimama jikoni kwake na sufuria mkononi. Kwanza makelele ya mabasi, kisha pumzi ile ile, kisha "Siku ile nilikuwa nimechoka—" naye akaufuta, upesi, kama mtu anayefuta wino usije ukaingia kwenye kitambaa. Haukuja mwingine.

Akaanza kwenda nyumbani kwa njia ya kuzunguka, kupitia maghala na karakana, ili asisikie vipaza sauti. Alifika kila siku akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alipopiga, alimwambia mambo yameisha.

"Amekwambia hapana?"

"Alikuwa anaelekea huko, mama."

"Alikuwa anaelekea." Mama akavuta pumzi. "Marehemu baba yako kila nilichomjibu kilikuwa kinaelekea hapana. Angekuwa na masikio kama yako, wewe usingezaliwa. Haya, kula, ulale."

Gemu nayo haikumwacha. Fundi alibadilisha rangi ya anga, na kwa ajili ya anga hiyo miisho yote ilibidi ifikiwe upya. Alasiri moja ya joto, wenzake wamesinzia mbele ya skrini zao, alifika pale pale pa siku zote. Mtunza ufunguo alishusha mabega. Akafumba macho. "Nimechoka, msafiri," alisema, na majibu manne yakajipanga chini ya skrini, na mshumaa mdogo ukaanza kuungua pembeni kuonyesha muda wa kujibu.

Bwana Rudia aliyatazama majibu yale. Yote alikuwa ameshayasema. Hata kidole hakikutaka. Akaiweka pedi ya kuchezea gemu juu ya meza, akalaza kichwa mikononi, akauacha mshumaa uungue.

Ukazimika. Yeye alijua kwamba gemu itaendelea tu. Asiyejibu hupelekwa mbele. Alikuwa ameshaijaribu sehemu hiyo, tena mwanzoni kabisa, na akaiwekea alama kwamba inafanya kazi. Lakini aliijaribu kama wajaribu wanavyofanya, kwa kitufe chao cha kukimbiza muda, kinachoubana ukimya mrefu na kuumeza pamoja na kila kinachosemwa ndani yake. Alichokitazama siku ile ni kama gemu inakwama. Haikukwama. Alama ikawekwa.

Sasa hakukimbiza kitu. Mvua ya kwenye gemu ilinyesha. Mwanamke alisimama kimya muda mrefu, muda ambao mchezaji yeyote angedhani mashine imekufa. Kisha, kwa sauti ambayo Bwana Rudia hakuwahi kuisikia mle ndani, akasema:

"Hukujibu. Wote huwa wanajibu." Pumzi. "Nimechoka na haya maji, msafiri. Sijachoka nawe. Kaa hapo kwanza."

Akainama kwenye mkoba wake. Alichotoa ni vikombe viwili.

Bwana Rudia aliinua kichwa. Alibaki akiitazama skrini mpaka Mkubwa, aliyekuwa akipita na karatasi zake, akasimama kumuuliza kama anaumwa. Alimjibu kwamba yale maoni yake yana kosa na angeomba ayaandike upya, kwamba sababu ya kurudia ipo.

"Sababu gani?" Mkubwa akauliza.

"Kuna maneno tuliyaruka."

Mkubwa akataka kujua kama hiyo ni kasoro ya gemu. Bwana Rudia alikuwa ameshachukua koti.

Stendi ilikuwa vilevile, imejaa na imechoka. Karani wa tiketi alimwona kabla hajafika kwenye ngazi. "Aliyeachwa," alisema, safari hii bila kupaza, "mwenzio hataki wageni. Mimi nakwambia kama dada yako. Keti hapo kwenye benchi, na ukae kama mtu mwenye adabu."

Akakaa. Kupitia kioo aliiona skafu ya chungwa, na skafu ikamwona. Sauti alimtazama kwa kitambo, akageukia mikrofoni, na vipaza sauti vikakwaruza. "Abiria mnaosubiri," alisema, taratibu, "endeleeni kusubiri."

Akaendelea kusubiri. Mabasi yaliingia na kutoka. Alikuja mtu akakalia nusu ya koti lake, akaondoka. Mara kadhaa maneno yalimpanda mpaka kooni, hotuba nzuri kabisa, na kila mara aliimeza.

Zamu ilipokwisha Sauti alishuka ngazi akichechemea, mkoba begani, akakaa kwenye benchi lile lile, upande wa mbali. Katikati yao mtu mnene angeweza kukaa, na begi lake.

"Unajua nilikuwa nafanya nini chini ya meza?" Sauti akauliza hatimaye, akitazama mbele.

Jibu lilikuwa mdomoni. Akalirudisha. "Sijui."

"Nilikuwa navua viatu." Akasubiri aone kama atadakia. Hakudakia. "Ulikuwa umeniuliza jambo la maisha yangu. Nilitaka nikujibu nikiwa mimi, si nikiwa mtangazaji. Kimoja kimetoka, cha pili kishikizo kikakwama, naongea na wewe kutokea huko chini. Nilikuwa nasema ndiyo, Bwana Rudia. Nikainua kichwa, nikakuta nimekiambia kiti."

Bwana Rudia alifunika uso kwa viganja. Alimweleza, kwa maneno machache, kuhusu mkoba wa mtunza ufunguo na vikombe viwili, na ule ujumbe alioufuta. Sauti alisikiliza bila kumsaidia.

"Vile vikombe nilivisahau," alisema. "Lakini ule ukimya naukumbuka. Mtu wa studio aliniambia ninyamaze mpaka nichoke kunyamaza, ndipo niseme. Nikasema moyoni, nani atasubiri yote haya?"

"Naweza kukuuliza tena?"

"Ile 'ndiyo' ya siku ile imeshakwenda. Huku hakuna kurudi nyuma ukachagua upya." Akageuza uso kumtazama kwa mara ya kwanza. "Uliza ya leo."

Hakuwa na shati jeupe. Hakuwa ameandaa namna hata moja. "Nataka nikae na wewe," alisema. "Hata jioni ambazo hatuna la kusema."

Sauti akainama. Kiatu cha kwanza kikatoka. Cha pili kishikizo kiligoma, akakivuta, akakilaani kwa jina la kampuni, kikatoka. Akanyoosha vidole vya miguu juu ya sakafu ya stendi. Mabega yakashuka. Macho yakafumba. Pumzi ndefu ikatoka.

"Nimechoka," akasema.

Bwana Rudia akatulia. Basi la njano liliondoka na honi zake. Mzee mmoja alipita akiburuta sanduku lenye gurudumu moja bovu, likapiga kelele mpaka likaishia mbali. Watu, makelele, vumbi, vyote viliendelea.

"Nimechoka leo," Sauti akaendelea, "na kesho nitachoka. Hii sauti nzuri wanaichukua abiria. Ukinioa, nyumbani utapata iliyobaki, na siku nyingine haitabaki hata hiyo. Utanikuta nimekaa tu."

Akafungua mdomo. Kidole cha Sauti kikainuka.

"Sijamaliza."

Akaufunga.

"Mwambie mama nitakuja Jumapili," alisema. "Si asubuhi. Asubuhi nitakuwa nimelala."

Akaviokota viatu, akamkabidhi avishike, akasogea mpaka begani kwake, akanyamaza. Basi la Bwana Rudia liliingia likasimama mbele yao, mlango wazi, kondakta akimwita Aliyeachwa apande, wanaondoka. Yeye hakuwa na hakika kama Sauti amemaliza au anapumua tu. Akabaki pale, viatu mkononi, akisikiliza, na basi likaondoka.